Kabla mavuno hayajaingia ndani: kupanga nyumba ambayo ni depo pia

Mara hii siandiki juu ya shamba. Ninaandika juu ya nyumba, juu ya chini ya kitanda, juu ya ile kona ya nyuma ya mulango ambamo vitu vinaingia na havitoki tena. Najua mutasema: agronomu ameacha mihogo, sasa anakuja kutufundisha kufagia? Ngojeni kidogo.

Mwezi uliopita nilipita kwa mama mumoja wa koperative, hapa hapa Luvungi, kuangalia mbegu zake za maharagi. Aliniingiza hadi chumbani, kwa sababu mbegu zilikuwa chini ya kitanda. Ni chumba cha hatua nne kwa nne. Humo nilikuta mifuko sita ya mahindi imeegemea ukuta, mufuko wa maharagi chini ya kitanda, rundo la mifuko mitupu ya miaka iliyopita, pompi ya kupulizia dawa, chupa mbili za dawa zisizo na etiketi, bidoni nne na moja tu kati yao haivuji, majembe matatu, ndoo ya mafuta ya mawese, sakosi za nguo, kikapu cha karatasi za shule, na mukeka ambapo watoto watatu wanalala. Na kulikuwa harufu. Kama ya kitunguu saumu, kama ya ndagala zilizooza.

Nikamuuliza: «Mama, umetia nini ndani ya mahindi?»

«Vile vidonge vya soko, agronomu. Kimoja kimoja kila mufuko. Vidudu vilikuwa vingi.»

«Na watoto wanalala hapa tangu lini?»

«Si siku zote. Siku mbili hizi kichwa inawauma. Nilifikiri ni malaria.»

Tulifungua mulango na dirisha, tukawatoa watoto, tukawapeleka kituo cha afya jioni ile ile. Wako wazima. Lakini tangu siku hiyo ninaona vyumba vyetu kwa macho mengine.

Kuna vitabu na mafundisho mengi siku hizi juu ya kupunguza vitu nyumbani. Vinatoka kwenye miji mikubwa, kwa watu wenye nguo nyingi kupita siku za kuzivaa. Vinasema: toa usichokipenda. Sisi hapa Plaine hatuna shida hiyo. Mukulima wa Luvungi hatupi kitu kwa sababu kesho kinaweza kuhitajika, na mara nyingi yuko na haki. Shida yetu ni ingine: chakula, mbegu, sumu na watoto vinalala chumba kimoja. Vitu hivyo vinne vikitengana, hata kwa hatua tatu tu, nyumba imeanza kupangwa, na kazi kubwa haiombi franga, inaomba siku moja ya jua.

Na siku hiyo ichaguliwe vizuri. Msingojee mahindi yawe mulangoni. Ni wiki mbili mbele ya mavuno, wakati mifuko ya zamani imebaki michache, njo chumba kinaweza kutolewa vyote nje. Ninasema vyote: kitanda pia.

Sumu itoke kwanza

Wengi wetu tunaviita vidonge vya mahindi, na havionekani kuwa na ubaya: vya rangi ya majivu, vidogo, vinauzwa kimoja kimoja sokoni ndani ya kipande cha karatasi. Ndani yake ni aluminiamu fosfaidi. Kidonge chenyewe si kile kinachoua vidudu. Kikikutana na unyevu wa hewa au wa mahindi, kinatoa hewa ya sumu inayoitwa fosfini, na hiyo hewa njo inaingia kila mahali. Inapita katikati ya nyuzi za mufuko kama vile moshi unavyopita kwenye kitenge. Ni nzito kidogo kuliko hewa yetu ya kawaida, na mutoto wa kwenye mukeka analala karibu kabisa na mifuko. Pia ni mudogo, anapata nyingi kwa mwili wake.

Dawa hii ilitengenezwa kwa ajili ya depo kubwa, zinazofunikwa kwa plastiki isiyopitisha hewa, zikafungwa siku nyingi bila mutu kuingia, na wanaoifanya wamefundishwa. Hakuna kipimo cha kuitumia ndani ya nyumba ambamo watu wanalala. Siyo kwamba kidonge kimoja ni sawa na viwili ni vingi. Hakuna.

Kuna wanaosema: «Kama hakuna harufu, hakuna hatari.» Si kweli. Pua inaweza isisikie, na sumu iko. Dalili ni kichwa kuuma, kutapika, kizunguzungu, kukohoa, kifua kubana. Muone zinavyofanana na malaria! Kwa hiyo kama watu wawili au watatu wanaolala chumba kimoja wanaanza pamoja, na ndani kuna mifuko iliyotiwa vidonge, mutoke wote kwanza. Fungueni kila mulango na kila dirisha, mutoe na kuku. Nendeni kituo cha afya, na mumuambie muganga neno «vidonge vya mahindi», kwa sababu bila hilo atatafuta malaria. Mutu arudi kuchukua mifuko baadaye tu, wakati hewa imepita vizuri. Na dawa ya kuiondoa sumu hii mwilini haipo. Kunywa maziwa au mafuta hakusaidii. Msipoteze saa kwa hayo.

Kama uko na vidonge vilivyobaki, usivitupe chooni wala mutoni wala usivimwagie maji. Maji yanatoa hewa yote kwa mara moja, na inaweza hata kuwaka moto. Viache vikavu ndani ya kopo yao iliyofungwa, nje, mbali na nyumba, mahali pa juu penye kufuli, na uite agronomu.

Dawa za shamba nazo ziko na hadisi yao. Munanunua kidogo kidogo, kwa sababu chupa nzima ni bei, na muuzaji anawapimia ndani ya chupa ya Fanta. Ninaelewa. Lakini mutoto akiona chupa ya Fanta hasomi etiketi, na etiketi yenyewe haipo. Tukubaliane hivi: dawa isilale ndani ya nyumba. Kisanduku cha mbao, kikapigiliwa ukuta wa nje chini ya paa, juu kupita mukono wa mutoto, na kufuli. Kufuli njo kitu cha kwanza nitakachowaomba munanunue. Pompi ikae karibu na hapo, ikiwa imeoshwa. Chupa na bidoni zilizokwisha: osheni mara tatu, maji ya kuosha yarudi ndani ya pompi, kisha muzitoboe. Mukizitoboa, hakuna atakayezitia maji ya kunywa, wala mawese, wala kasiksi.

Yule mama aliumia sana kutoboa bidoni yake moja ya njano, ilikuwa nzima kabisa. Tulibishana. Ilikuwa ya dawa ya nyanya. Mwisho aliitoboa mwenyewe, akanigeukia akasema: «Utaninunulia ingine.» Bado ananikumbusha.

Ukuta na chini vinakunywa maji

Nyumba zetu nyingi ni za matofali mabichi na chini ni udongo. Udongo unavuta maji kutoka chini hata wakati hakuna mvua. Weka mufuko mutupu wa plastiki usiku mumoja chini, asubuhi ugeuze uone jasho lake. Mufuko wa mahindi ukikaa hapo, mwezi wa pili sehemu ya chini inaanza kuwa na ukungu, wakati juu bado ni safi. Munachota juu, munakula, mukifika chini munasema: tuchanganye tu, tusage.

Hapo ninaomba musimame. Kuna ukungu unaotoa sumu inayoitwa aflatoksini. Haionekani, na moto wa bukari hauiondoi. Mwaka 2004, kule Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua maini kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Wale waliochunguza baadaye waliona kwamba waliougua walikuwa zaidi wale walioingiza mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba zao. Na kwa nini waliyaingiza ndani? Tunajua sisi wenyewe: mukulima anayeogopa mwizi, au mvua, anavuna mbele ya wakati na kulalia chakula chake. Ni mahindi kama yetu, na ni sababu kama zetu.

Kwa hiyo mbele ya kuuliza mufuko utakaa wapi, tuulize kama mahindi yamekauka. Meno si kipimo cha kuamini. Kila mutu na meno yake. Chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa na chumvi iliyokauka, mukiianika juani au karibu na moto. Tieni mahindi kufika sehemu ya tatu ya chupa, vijiko viwili vitatu vya chumvi, mufunge, mutikise dakika chache, muache itulie robo ya saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana maji mengi, yarudi kwenye bache. Chumvi ikianguka yote chini, yamepita kile kipimo cha asilimia 15. Mimi huongeza siku moja ingine ya jua hata baada ya hapo, kwa sababu ya kukaa muda murefu ni vizuri yafike asilimia 13. Kipimo hiki kinaenda vizuri kwa mahindi. Na bache hiyo, tafadhali, iwe juu ya kitu kavu. Mahindi yanayoanikwa kando ya barabara ya Uvira yanakauka pamoja na mavumbi, mafuta ya magari na mavi ya mbuzi.

Kisha kitanda cha mifuko. Ndiyo, mifuko nayo iwe na kitanda. Matofali mawili mawili yamepangwa kwa mistari, juu yake miti au mianzi au mbao za zamani, njo hiyo tu. Hewa ipite chini yake. Na kitanda hicho kisishikane na ukuta: muache nafasi ambamo paka anaweza kupita. Paka akipita, panya hakai. Mifuko ikigusana na ukuta, kule nyuma njo mama panya anazalia, na hakuna atakayejua mpaka siku ya kuuza. Muangalie na juu pia, kama manjanja yanavuja, hata tone moja tu. Tone moja usiku kucha linatosha kuharibu mufuko.

Kwa yule mama tulitumia matofali ya ukuta wa jiko ulioanguka. Hakuna franga iliyotoka. Chumba kilipungua kidogo kwa upana, lakini chini ya kitanda cha mifuko hakukaa kitu, na chini ya kitanda chake yeye hakukaa kitu tena. Watoto walipata nafasi ya mukeka wao kwenye saloni.

Rundo la mifuko ya zamani

Hapa njo watu wananikasirikia. Mufuko mutupu ni mali, hakuna anayekataa. Lakini rundo la mifuko ambayo haijaoshwa ni nyumba ya vidudu vinavyongojea mavuno yako. Pindua mufuko mumoja wa zamani nje, kwenye jua, upige na fimbo, uhesabu vinavyotoka.

Kati ya vidudu vyote vya mahindi, yule anayenitia hofu ni dumuzi. Alitoka Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania, upande wa Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970, na watu kule wakamupa jina la gari kubwa, Scania, kwa jinsi anavyobeba kila kitu. Katika miaka ya 1980 alikuwa amefika Burundi, ngambo tu ya Ruzizi yetu. Anakula mahindi, anakula muhogo uliokaushwa, na kabla ya hapo alikuwa kidudu cha miti: anaweza kujificha ndani ya mbao. Ukiona nguzo ya ndani au muguu wa kitanda una matundu madogo na unga unaanguka kila asubuhi, usitegemeze mahindi hapo.

Mifuko muichague. Iliyopasuka sana, kateni mushone viraka vya ingine, au mufunikie kuni. Isirudi kwenye chakula. Mizuri itumbukizwe kwenye maji yanayochemka, ianikwe jua la siku nzima ikiwa imepinduliwa, kisha ikunjwe na kutundikwa kwenye kamba juu. Chumba kikiwa kitupu, fagieni hadi kwenye nyufa, na punje zote za zamani zitoke. Kuku wanaweza kuzipata, ila zile zilizotiwa dawa na zile zenye ukungu hapana, hizo zichomwe au zizikwe. Nyufa mukazizibe kwa udongo na majivu. Na mahindi ya zamani yasichanganywe kamwe na mapya, hata kama ni kopo moja. Mutayala kwanza.

Kwa wale wanaoweza kununua kitu, ningesema nunueni mifuko ya PICS, siyo dawa. Ina plastiki mbili nzito ndani na mufuko wa kawaida nje. Ilianzia Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde. Haina sumu hata kidogo: munatoa hewa, munafunga plastiki moja moja kwa nguvu, vidudu vinamaliza hewa iliyobaki na vinakufa. Mahindi yawe yamepukuchuliwa na kukauka, kwa sababu gunzi linatoboa plastiki, na unyevu ndani ya plastiki unaozesha. Usifungue kila siku kuangalia. Ikitunzwa, unaitumia misimu miwili, mitatu. Panya anaweza kuitoboa, kwa hiyo kile kitanda cha matofali bado kinahitajika.

Na asiye na kitu cha kununua? Kwa maharagi kuna njia ambayo ninaipenda kwa sababu inafanana na muchezo. Kidudu cha maharagi kinataga mayai kati ya punje, siyo ndani. Kitoto kikitoka kwenye yai kinahitaji karibu siku moja kutoboa ngozi ya haragi, na kinafanya hivyo kikijikaza kwenye haragi la jirani. Ukisukuma maharagi yakageuka kabla hakijamaliza, kinapoteza nafasi, kinaanza tena, kinachoka, kinakufa. Wataalamu walilijaribu jambo hili na kuandika juu yake mwaka 1991. Tieni maharagi ndani ya bidoni safi au mufuko, nusu tu, yasijae, ili yapate pa kuzungukia. Kila asubuhi na kila jioni muyabingirishe chini mara chache. Ni yote. Lakini ni kila siku. Ukisahau siku mbili, vitoto vimekwisha kuingia ndani.

Mbegu haziko chakula

Sasa nikiri langu. Miaka ya kwanza nilipotoka shule ya agronomia nilikodi chumba kimoja hapa Luvungi, na nilijivuna kuwa nimekipanga vizuri sana. Mbegu zangu za nyanya nilizitia ndani ya kopo, nikaziweka juu kabisa, kwenye mbao iliyo chini ya manjanja, panya wasifike. Panya hawakufika. Lakini munajua joto la manjanja ya Plaine saa nane za muchana. Nilipopanda, ziliota chache sana, na jirani yangu, muzee ambaye hakusoma, zake zilikuwa zimejaa kitaru. Yeye alizitia ndani ya chupa yenye majivu makavu na kuizika nusu kwenye kona ya chini yenye baridi. Aliniuliza kwa heshima kama shuleni walitufundisha kukaanga mbegu.

Mbegu ni kitu kinachopumua. Inaogopa joto na inaogopa maji, na vikikutana viwili inazeeka mbio. Wataalamu wa mbegu wana hesabu ndogo: kila ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja, maisha yake yanaenda mara mbili. Kwa hiyo ikaushwe kuliko chakula, kivulini penye upepo, itiwe ndani ya chupa au bidoni inayofunga vizuri, ijazwe mpaka mudomoni, na ikae upande wa nyumba ambao jua la jioni haliupigi. Andikeni juu yake kwa makaa kama hakuna kalamu: ni mbegu gani, musimu gani. Katika nyumba nyingi nimeona chupa tatu za maharagi na mwenye nyumba hajui ipi ni ipi.

Na zile mbegu za misimu mitatu iliyopita? Msizitupe na msizipande kwa imani tu. Hesabuni mia moja, muzifunge kwenye kitambaa chenye maji, mukiongeze maji kidogo kila siku. Baada ya juma moja hesabuni zilizoota. Zikifika 85 au zaidi, pandeni. Zikiwa 60, muongeze mbegu kwenye shimo. Zikiwa chini ya nusu, zipikwe leo jioni na nafasi yake ipatikane, lakini kama zilitiwa dawa ya mbegu, ile ya rangi, haziliwi.

Vitu vingine, kwa mbio

Jembe, panga na mundu vitundikwe ukutani kwa musumari. Havitakanyagwa na havitakula kutu. Jembe lisilo na mpini litafutiwe mpini wiki hii, au lipelekwe kwa muhunzi. Bidoni inayovuja ikatwe iwe kitaru cha vitunguu. Bidoni ya maji ya kunywa iwe na alama yake, ifungwe, na isifanye kazi ingine. Tuko karibu na Uvira na tunajua kipindupindu.

Karatasi ziko na uzito wao. Karte ya uchaguzi, karatasi za kuzaliwa za watoto, karatasi ya shamba, kitabu cha koperative: vyote ndani ya plastiki moja inayofungwa, na plastiki hiyo ndani ya sakosi moja ndogo, iliyotundikwa mahali ambapo mukono unaipata gizani. Mwezi wa nne wa 2020, maji ya Mulongwe yalipoingia nyumba za watu Uvira, hakukuwa na dakika za kutafuta. Na sisi wa Plaine tunajua kukimbia kwa sababu zingine pia. Ndani ya sakosi hiyo nimezoea kuwaambia watie na chupa ndogo ya mbegu zao nzuri. Chakula mutapewa huko mutakakofika, labda. Mbegu yenu hakuna atakayewapa.

Kwa nini inalala chini ya kitanda

Nilimuuliza yule mama, baada ya siku ya kazi, kama hangependa kupeleka mifuko mitatu kwenye depo ya koperative apate nafasi. Alicheka. «Minalala na chakula yangu, agronomu. Mwizi akikuya, anikute mimi kwanza.» Kisha akanyamaza, akaongeza: «Na siyo mwizi tu.»

Wamama wamenielewa. Wapapa, msikasirike, lakini mufuko unaotoka nyumbani usiku kwenda kulipa deni la butiki bila mama kuambiwa, huo nao ni sababu ya mahindi kulala chini ya kitanda. Hatuwezi kuzungumza juu ya nafasi ndani ya nyumba bila kuzungumza juu ya nani ana haki ya kufungua mufuko. Pale ambapo muke na mume wamehesabu mifuko pamoja siku ya mavuno, wakasema hii ni ya kula, hii ni ya shule, hii ni mbegu, hii ni ya kuuza, na wakaandika kwa makaa juu ya kila mufuko, nimeona vitu vinakaa mahali pake. Kila mutu ndani ya nyumba anajua.

Ya kuuza njo ninafikiri inafaa kwenda depo, maana njo inayojaza chumba, na mara nyingi njo inayouzwa kwa bei ya hasara juma la kwanza kwa sababu tu hakuna pa kuiweka. Ya kula na mbegu zibaki nyumbani. Lakini koperative nayo ifanye kazi yake: mizani mbele ya mwenye mufuko, karatasi yenye jina lake mwenyewe yeye mama kama shamba ni lake, na funguo mbili kwa watu wawili wasiotoka nyumba moja. Depo isiyotoa karatasi, mimi mwenyewe nisingepeleka hata kopo moja.

Wiki iliyopita nilirudi pale. Mifuko mitatu ya mahindi iko juu ya matofali, imeandikwa. Ingine mitatu aliipeleka depo, akanionyesha karatasi yake ikiwa ndani ya plastiki. Kisanduku cha dawa kiko nje chini ya paa na kufuli lake. Mufuko wa maharagi alikataa kuutoa chumbani, lakini sasa maharagi yako ndani ya bidoni mbili za nusu nusu, na asubuhi, kabla ya shule, mutoto wa katikati anazibingirisha kutoka kitandani mpaka mulangoni na kurudi, akihesabu kwa sauti. Alikuwa amefika kumi na nne nilipoingia.